Miguu ya Mwokaji

Majirani walimwita Bibi Jaa, naye aliitika bila kununa. Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na kamba ya kuanikia nguo, alikuwa na lundo lake la maganda, majani ya chai na nyasi kavu. Ukilichoma fimbo ya chuma na kuiacha kidogo, ukiichomoa inaunguza kiganja. Hakuna moto mle. Kuna vijidudu wasioonekana kwa macho, na katika kijiko kimoja tu wamo wengi kuliko watu wote wa mtaa ule. Wanakula, wanapumua, na kazi yao hiyo ndiyo inayotoa joto.

Joto lenyewe lilikuwa la mumewe. Alikuwa mwokaji mikate tangu ujana, na kiharusi kilipomwangusha kilimwachia maneno mawili tu ya tanurini: "bado" na "imeiva". Daktari alisema maadamu miguu inajua moto na baridi, tumaini lipo. Basi kila asubuhi mkewe humketisha kando ya lundo, akamfukia miguu juu juu, akaifunika gunia.

"Vipi, fundi?"

"Imeiva."

Lundo likiwa limetoka kugeuzwa na kupoa, husema, "Bado."

"Yaani wewe uliyekuwa ukiunguza mikate ndiye wa kunisahihisha mimi," humtania, na mdomo wa mzee hucheka upande mmoja.

Asubuhi moja akakuta lundo halinuki chochote. Akachoma fimbo. Ikatoka baridi.

Mkwewe, mke wa mwanawe, akaja na ndoo, uso umemkunjuka. "Mama, leo majirani hawatakusema. Lundo lako nimelimwagia dawa ya choo, chupa nzima. Wadudu wote kwisha."

Mtoto wa watu alitenda wema. "Ahsante, mwanangu."

Akalipindua lundo, akachanganya mbolea ya zamani iwe chachu, akanyunyiza maji. Akangoja. Fimbo ikatoka baridi, na kesho yake vilevile.

Hatimaye akamtoa mzee nje. Na aseme "bado", alijiambia. Hilo nalo lingetosha, kwamba miguu ingali inajua baridi. Akamfukia miguu kwenye uchafu uliopoa.

"Vipi, fundi?"

Mzee akalitazama lundo, kisha akamtazama yeye. "Imeiva."

Mkewe akapitisha mkono chini ya gunia, akamfinya kidole gumba kwa ukucha, kwa nguvu zake zote. Mzee hakushtuka; aliendelea kumtazama, akingoja utani wake.

"Imeiva, baba watoto," alisema, akauacha mkono wake mle mle, kwenye ubaridi.