Safari ya Thelathini na Sita

Mwaka 1953 Isidore Bauma, mwana wa wakulima wa Masisi na shofere mpya wa kamyo, yaani lori, alikuwa na jambo moja tu kichwani: nyumba ya matofali. Ilikuwa kwenye kambi ya madereva kule Sake, vyumba viwili, bati juu, na ilitolewa kwa shofere aliyemaliza miezi mitatu ya majaribio bila doa. Pale depo ya makamyo majaribio hayo waliyaita esai, na aliyekuwa kwenye esai alilala chumba kimoja na wanaume watano wanaokoroma. Mkewe Hélène alikuwa bado kwa wazazi wake Kashuga, pamoja na binti yao Valérie wa mwaka na nusu. Isidore alimwahidi wiki kumi na mbili. Hélène akajibu, “Minasikia.” Mwanamke akikujibu hivyo, ndugu yangu, ujue ameshaanza kuhesabu.

Bwana mkubwa wa depo alikuwa Muzungu mwenye saa mbili, moja mkononi na nyingine mfukoni, na sijui ni ipi aliyoiamini. Alitaka safari tatu kila wiki, Sake kwenda Walikale na kurudi, thelathini na sita kwa esai nzima. Madereva wa zamani walifanya mbili wakalala usingizi wao. Isitoshe, shofere wa esai hakupewa hata msaidizi wa kufunga turubai. Karani Nestor alichora alama ya chaki ubaoni kwa kila safari, na ubao ulining'inia mlangoni, mahali ambapo hata muuza ndizi aliweza kusoma uvivu wako.

Barabara yenyewe ilikuwa nyembamba, magari mawili hayakuweza kupishana mlimani. Kwa hiyo kulikuwa na bariyeri. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa njia ilikuwa ya wanaoteremka kwenda Walikale. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ya wanaopanda kurudi. Saa tisa mchana mlinzi aliteremsha gogo lake, na hapo hata ungemlilia machozi ya damu hakulinyanyua. Jumapili njia ililala.

Usidhani Isidore alinung'unika. Alilipenda kamyo lile kuliko alivyokiri kwa Hélène. Alipenda baridi ya asubuhi kwenye malisho ya ng'ombe, kisha mteremko mrefu, kisha joto la msitu linakupokea usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Alikwenda na chumvi, sabuni na vitambaa, akarudi na mafuta ya mawese na mchele. Aliimba nyimbo za misa kwa sauti mbaya na hakuna aliyemkataza. Kitu kimoja tu hakukifanya: kusimama. Methali ya haraka kukosa baraka aliijua vizuri, ila haikuandikwa ubaoni kwa Nestor.

Wiki ya tisa, kwenye kijiji cha Bukumbi msituni, chini kidogo ya bariyeri, alikutana na wawindaji wakitoka porini. Mbele walitangulia mbwa wenye kengele za mti shingoni, nyuma wanaume na nyavu mabegani, na paa mmoja juu ya fito. Mzee wao, Papa Musombwa, alinyoosha mkono kumsimamisha. Pale Bukumbi walikuwa na desturi yao: mtu wa kwanza kukutana na mawindo njiani lazima ale kipande cha nyama hiyo, awe ndugu, mgeni au adui. Asipokula, amezifunga nyavu zisinase tena. Isidore aliijua desturi hiyo vizuri sana, kwa maana hata babu yake mzaa mama aliwinda hivyo. Lakini saa nane ilikuwa imeshapita. Akapiga honi, akapunga mkono, akapita. Mbwa walikimbilia majanini, na vumbi likaangukia nyama.

Moyo ulimsuta mpaka bariyeri. Alipoiwahi, ukanyamaza. Ndivyo ilivyo mioyo yetu.

Basi ikafika Jumamosi ya wiki ya kumi na mbili. Alama thelathini na tano zilikuwa ubaoni, na ya thelathini na sita ilikuwa chini ya magurudumu yake, inapanda na mapipa ya mawese. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Saa nne asubuhi, katikati kabisa ya Bukumbi, kamyo likazama matopeni hadi kwenye ekseli. Alichimba, akatia matawi, akawasha, akazidi kuzama. Wanaume wa kijiji walikuwa wameketi barazani wakimtazama. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Akamwendea Papa Musombwa, matope hadi magotini. “Papa, munisaidie kusukuma. Bariyeri inafungwa saa tisa, na leo njo siku yangu ya mwisho.”

Mzee akamwangalia kwanza. “Weye njo ule muntu wa honi.”

“Njo miye, Papa.”

“Toka ile siku nyavu haijakamata kitu. Mara sita tumeingia pori, mara sita tumerudi na mikono. Batoto banakula majani ya sombe tu.” Alisema hivyo bila hasira, kama anayetoa habari za mvua. Kisha akainuka, akafunga kikoi chake vizuri. “Bandugu, tusukume. Muntu iko kwa matope.”

Wakasukuma, wanaume kumi na wawili na wanawake watatu, wakalitoa kamyo kwa pumzi mbili. Ilikuwa haijafika saa tano. Kutoka hapo hadi bariyeri ni saa moja tu. Isidore alishika usukani, injini inanguruma, njia mbele yake nyeupe. Angekwenda tu. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemlaani. Wangemrushia jiwe angeondoka kwa raha. Lakini walikuwa wananawa matope mtoni, na mama mmoja alimwambia, “Safari njema, kaka,” na aibu ikamshika barabara.

Akazima injini, akashuka. “Papa, wawindaji beko wapi?”

“Baliingia pori alfajiri. Saa saba ao kabla ya saa saba, batatoka.”

Isidore akapiga hesabu: wakitoka saa saba, ale, apande, saa nane na nusu yuko bariyeri. Hesabu nzuri. Hesabu za madereva ni nzuri siku zote, ubaya ni wa saa. Akaketi barazani pamoja nao. Saa saba ikafika bila kengele. Saa nane ikapita. Alisimama mara mbili akaelekea kwenye kamyo, mara mbili akarudi, na mara zote mbili alimwona Hélène akihesabu. Saa tisa ilipopita alihisi kitu kinamvunjika ndani, kisha, ajabu, akahisi mabega yake yanalegea. Hakukuwa tena na cha kukimbilia.

Kengele zilisikika saa kumi. Paa wawili na nguruwe mwitu mmoja! Isidore aliwaendea wawindaji njiani, wa kwanza, jinsi desturi inavyotaka, akakatiwa kipande cha ini, kikachomwa hapo hapo, akakila mbele ya watu wote. Wanawake wakapiga vigelegele. Papa Musombwa akasema, “Sasa fungua mukanda, utakula mupaka Jumanne.” Na kweli alikula mpaka Jumanne. Jumapili walisali pamoja na katekista wa kijiji, na sauti yake mbaya ikasifiwa sana. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimtia uchungu kila alipokumbuka Kashuga.

Jumanne bwana mkubwa alitazama saa ya mkononi, kisha ya mfukoni, kisha ubao. “Thelathini na tano,” akasema. Esai ikaongezwa mwezi mmoja, nyumba ikasubiri. Isidore alimtumia Hélène ujumbe kwa mtu aliyekuwa anakwenda huko. Jibu lilirudi baada ya siku nne: “Minasikia.”

Mwezi ule wa nne ulikuwa wa ajabu. Bukumbi, matope yalikuwa yamepangiwa magogo kabla hajafika. Walikale, ambako zamani alishusha magunia peke yake huku mgongo unalia, alikuta vijana wanamngoja, kwa maana habari za msituni hutembea haraka kuliko kamyo: shofere wa Masisi ni mtu, anakula na watu. Sasa alisimama vijiji vinne kila safari, akaonja, akasalimia, na bado akafika bariyeri saa saba. Safari zake tatu za kila wiki zilitimia bila jasho. Bwana mkubwa alitaka kujua siri. Nestor akamweleza, na baada ya siku mbili likabandikwa tangazo depo: kila shofere wa esai atasimama Bukumbi na kula nyama, dakika kumi. Madereva walicheka mpaka wakakaa chini. Papa Musombwa aliposomewa alisema Wazungu nao wanajitahidi.

Isidore akapewa ufunguo wa nyumba, na ruhusa ya kulichukua kamyo Jumapili kuhamisha vyombo vyake, arudi kabla ya saa kumi. Akafika Kashuga mchana, kwa njia isiyo na bariyeri. Hélène alikuwa ameshafunga kila kitu, mikeka, sufuria, kuku wawili. Alimtazama mumewe, akatabasamu kidogo tu, naye akaona hiyo yatosha. Lakini Valérie alipomwona mwanaume huyu mwenye harufu ya petroli alipiga yowe na kujificha kwenye kitenge cha mama yake. Miezi minne ni mingi kwa mtoto. Hakumjua.

“Mubebe tu,” alisema mama mkwe. “Atanyamaza mu njia. Saa inaenda.”

“Hapana, Mama. Minangoja.”

Akaketi chini, vumbini, karibu na mafiga, na suruali yake ya kazi vilevile. Hakumwita mtoto, hakumpigia makofi. Hélène alifungua mzigo mmoja akaufunga upya, kisha akaufungua tena. Jua likahama kutoka kwenye paa hadi kwenye migomba. Ilikuwa saa tisa na zaidi Valérie alipotoka kwenye kitenge, akaja hatua mbili, akasimama, akaja tena. Mdomoni alikuwa anatafuna kiazi kitamu. Akamtazama Isidore kwa makini, akakitoa kile kiazi, akakiweka kwenye kiganja cha baba yake. Isidore akakitia mdomoni, chote na mate ya mtoto, akatafuna polepole.