Mlango Uliosimama Bila Nyumba

Mama Milango hakuwa na mtoto. Umama alipewa na milango: ya mbao, ya chuma, ya vioo nusu, yote iliyotolewa kwenye nyumba zilizobomolewa na kuegemezwa kwenye uzio wa banda lake kama watu wanaosubiri kuitwa. Mteja akija, yeye mwenyewe aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Ubao ukilia kama boksi tupu, mchwa wameshakula ndani. "Huu sikuuzii," angesema. "Huu ni kuni zenye bawaba."

Biashara hiyo hakuichagua. Nyumba ya mama yake ilipobomolewa kupisha barabara, alikwenda kuwaomba wabomoaji mlango wa mbele tu. Wakamwambia milango inauzwa kwa fungu, haichaguliwi. Akachukua fungu zima, akauza mingine, na huo mmoja akaubakiza pamoja na fremu yake, kizingiti kimelika katikati kwa nyayo za familia nzima.

Fundi muashi, mtani wake, hakumwacha apumue. "Dada, umemwomba Mungu nyumba, kakupa milango. Una uhakika alikusikia?"

"Anajua mwenyewe anaanzia wapi," alijibu, ingawa swali hilohilo lilimsumbua kwa miaka.

Mama yake alikuwa amehamia kwa kaka mkubwa, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Magoti yalishamgomea. Alishushwa siku ya hospitali tu, akibebwa kama kabati. Kila jioni alipiga simu.

"Mvua imenyesha huko?"

"Imenyesha, Mama."

"Mimi naisikia harufu yake dirishani tu. Utanichukua lini?"

"Nyumba ikisimama."

"Siku mlango wangu utakaposimama, nitakuja. Mlango mwingine sigongi."

Basi akausimamisha mlango kwanza. Fundi alikataa, akabembelezwa, akamwaga zege huku akiguna. Ukawa mlango mzima katikati ya kiwanja chake kitupu, kushoto hewa, kulia hewa. Wapita njia walicheka hadi wakachoka. Mama Milango aliufungua kwa ufunguo, akaingia, akaufunga nyuma yake, akaomba amesimama kwenye majani. Angeweza kupita pembeni. Hakuwahi.

Ndipo akaja mwenye hoteli. Aliugonga, akasikia ubao mzito wa zamani, akatabasamu.

"Taja bei."

"Hauuzwi."

"Mama, wewe ni mfanyabiashara au mlinzi?"

Hilo lilimchoma. Mwenye hoteli alipoondoka, Mama Milango alijifungia kwenye majani yake akaomba kama anavyojadiliana sokoni. "Mungu, unajua Mama alivyosema. Nikiuuza, haji. Nikiubakiza, sina kuta, haji vilevile. Hesabu gani hii? Nipunguzie kidogo."

Hakusikia sauti yoyote. Lilimjia wazo moja tu, nalo halikutaka kuondoka: uza. Akabisha. Kesho yake akarudi, akabisha tena. Wazo likabaki palepale, limetulia, kama muuzaji anayejua mali yake haina kasoro.

Akauza, lakini kwa masharti yake. Hakutaka pesa. Alitaka matofali, saruji na bati, vishushwe kiwanjani ndipo mlango utoke. Na fremu haing'oki.

"Mlango bila fremu nitaufanyia nini?" mwenye hoteli akalalamika.

"Wewe una seremala. Mimi nina mama."

Zikapanda kuta za chumba kimoja na kibaraza. Bati la mwisho lilipopigiliwa, akatundika pazia kwenye fremu. Pale bandani hapakuwa na mlango hata mmoja wa kuitosha, au ndivyo alivyojiambia. Kwenye simu za jioni hakumwambia Mama kwamba mlango umeuzwa.

Kaka akamleta. Mama akashuka, akakanyaga udongo. Fimbo yake ikapapasa mbele, ikatua kwenye kizingiti, palepale palipolika. Uso wake ukalainika. Akainua mkono agonge, na mkono ukazama kwenye kitambaa.

"Mama, twende ndani ukapumzike," kaka akaanza.

"Nyamaza wewe." Akamgeukia binti yake. "Umeuza."

"Nimeuza, Mama."

"Mlango wangu."

"Niliomba, ikanijia niuze. Sijui kwa nini. Nilibisha sana."

"Ukapata nini?"

"Kuta. Bati. Na wewe, kama utaingia."

Mama akainua macho kwenye kuta na bati, akipima. Aliyemfundisha binti kubishana bei alikuwa yeye.

"Basi hujapunjwa," akasema.

Lakini hakuingia mara moja. Alibaki pale, kiganja kwenye fremu, akilitazama pazia kana kwamba nyuma yake kuna ile nyumba nyingine, yenye baba yao ndani na watoto wanaogombania sahani. Mama Milango alikuwa akiitazama hiyohiyo.

Kisha mama akakunja kidole, akagonga ubao wa fremu, akasikiliza.

"Bado nzima," akasema. "Hodi."

"Karibu, Mama."