Spika ya Yolette

Ukitaka kujua kama mafuta ya Yolette yameshachemka, huna haja ya kwenda kuchungulia karai lake. Sikiliza tu. Spika ikinguruma pale kwenye kona ya mtaa wetu wa Villa Palmeras, hapa San Juan, ujue alcapurria za kwanza zimeshazama, zile za magimbi na ndizi mbichi zilizojazwa nyama ya kaa. Ikiwa kimya, rudi nyumbani ukasubiri. Mtaa umeishi hivyo miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyeona kwamba ni jambo la kuitiwa kikao.

Kinachochekesha ni kwamba mwenye spika haelewi kinachoimbwa. Yolette ni Mhaiti wa Jacmel. Kihispania chake ni cha sokoni: bei anaijua, salamu anazijua, na matusi anayajua ya kutosha kujilinda. Lakini hawa waimbaji wa reggaeton, muziki wa vijana wa hapa kwetu, wanakwenda mbio, nusu ya maneno wanayameza, na nusu iliyobaki ni ya vichochoroni, hata mimi niliyezaliwa humu kuna mengine yananipita. Yolette hapati kitu. Na bado anaimba, tena kwa sauti ya kuamsha mtaa. Anaweka maneno yake ya Kikrioli juu ya mdundo ule. Mara anamsema shangazi yake aliyemdhulumu shamba, mara anaiomba mvua ikanyeshe mji wa jirani, Bayamón, mara anawataja marehemu wake kwa majina huku kiuno kikijibu. Wateja hawaambulii neno, wanatikisa vichwa tu na kungoja chakula chao.

Nereida, mwenye saluni ng'ambo ya barabara, alikuwa hakosi kumchokoza.

"We Yole, unajua huyo anasema nini hapo?"

"Sijui, na usiniambie."

"Anasema hicho kiuno chako..."

"Nereida!" Yolette alijiziba masikio kwa mikono iliyojaa unga. "Nimekwambia sitaki!"

"Siku nitakayokutafsiria, shoga yangu, utakimbilia kwa mchungaji wako ukatubu."

"Ndiyo maana sitaki. Nitatubuje dhambi nisiyoijua?"

Saluni nzima ilikuwa ikiangua kicheko, na Yolette akicheka nao. Lakini sababu yake haikuwa ya kuchekesha. Alikuja kwa mashua iliyowatelekeza kwenye kisiwa cha Mona, pale penye mijusi na mawe tu, na alipofikishwa San Juan kila mdomo uliofunguka mbele yake ulikuwa na swali. Jina nani? Karatasi ziko wapi? Umetumwa na nani? Unarudi lini? Hakujua hata kuomba maji. Alilala na Wahaiti wenzake katika chumba nyuma ya karakana ya matairi, akiogopa kutoka. Miaka ile reggaeton ilikuwa imepamba moto, hakuna gari lililopita bila mdundo ule. Yolette alisimama mlangoni akisikiliza, na mguu wake ukaanza kupiga wenyewe. Ngoma ile aliifahamu. Ilikuwa ndugu wa ngoma za kwao, huenda wa baba mmoja mama mbalimbali. Kilikuwa kitu cha kwanza katika kisiwa hiki kutomuuliza chochote, na siku ile alitoka nje akatembea hadi mwisho wa barabara akarudi. Maneno ya nyimbo akayaacha huko huko yaliko. Maneno alikuwa ameshayapata ya kutosha.

Hata kukaanga alijifunzia humo humo kwenye mdundo. Saa hana, na akiwa nayo haiangalii. Anazamisha alcapurria wimbo ukianza, anazigeuza pale ngoma inapokatika ghafla na kubaki sauti tupu, kisha ngoma ikirudi kwa kishindo anaziacha mpaka wimbo uishe. Anazitoa, anaziwekea achari yake ya kabichi na pilipili, hiyo ya kwao inayotoa watu machozi. Hakuna aliyewahi kula mbichi kwa Yolette, wala iliyoungua.

Kona ile alipewa na don Cheo, mwenye jengo. Alimwachia upenu, bomba la maji na tundu la umeme, na malipo yalikuwa sahani moja ya mchana, basi. Don Cheo akafa. Watoto wake, ambao wako Orlando na hawajui hata rangi ya mlango wa baba yao, wakaliuza jengo kwa bwana mmoja wa Texas aitwaye Whitlock. Bwana huyo akalipaka rangi nyeupe, akabandika kamera, vyumba akaanza kuwapangisha watalii. Asubuhi moja akamshukia Yolette akiwa na tabasamu kubwa na binti wa kumtafsiria, Glorimar, mtoto wa hapa hapa aliyemwajiri kulisimamia jengo.

"Anasema chakula chako anakipenda sana, doña Yole," Glorimar alisema.

"Mwambie asante."

"Anasema unaweza kubaki hapa, hana neno. Ila muziki ndio tatizo. Wageni wanalalamika. Anaomba uuzime."

"Mwambie huu muziki ndio jiko langu."

Glorimar akamwambia. Whitlock akacheka, tena cheko la mtu mwema kabisa, akasema kitu kirefu. Glorimar akatazama chini.

"Anauliza... amesikia kwamba hata hayo maneno huyaelewi. Sasa unang'ang'ania nini?"

Ng'ambo ya barabara Nereida, aliyekuwa amewasimulia wateja wa kitalii utani ule ule wa saluni, alijifanya anatafuta kitana. Yolette akaigeukia spika yake. Jibu alilitafuta asilipate, si kwa Kihispania wala kwa Kikrioli. Alifikiria bomba la maji, akafikiria tundu la umeme, akafikiria nyayo zake zilizokwisha kuacha alama kwenye saruji ile. Akanyoosha mkono akaizima spika.

Balaa likaanza siku hiyo hiyo. Bila wimbo Yolette hakujua lini azigeuze. Za kwanza zilitoka nyekundu nje na unga mbichi ndani. Za pili zikawa mkaa. Nereida akamletea saa ya jikoni ya kuita, naye akaikodolea macho huku mafuta yakimpita. Don Moncho, mzee mkorofi anayeshinda barazani kwa Nereida akicheza dhumna, akauma moja na kuitema.

"Doña Yole, huyu kaa bado anatembea!"

"Nisamehe, don Moncho. Nikupe nyingine?"

"Ili huyo wa pili anikimbize? Hapana, mwanangu."

Wengine hata hawakufika. Walitega sikio madirishani mwao, wakasikia kimya, wakajua mafuta bado. Lakini si biashara iliyomuuma zaidi. Katika ule ukimya maswali ya zamani yalirudi na kukaa naye pale upenuni. Karatasi ziko wapi? Unarudi lini? Aliacha kuimba. Alianza kuwapisha watalii njia, yeye na karai lake, akijibana ukutani kana kwamba amekuja kuomba kazi jana. Alijionea haya, na haya zikageuka hasira, na hasira hiyo hakujua amwelekezee nani zaidi ya nafsi yake mwenyewe iliyokubali upesi hivyo.

Jumamosi, jua la mchana likiwa kali, Whitlock akaja na ngazi. Akapanda mwenyewe, akatundika spika yake mpya nyeupe juu ya kichwa cha Yolette, akaiwasha. Likatoka gitaa la taratibu, na mwanamke akinong'ona kama anayembembeleza mtoto asiyekuwa wake. Muziki wa kungojea daktari wa meno. Whitlock akamwonyesha Yolette kidole gumba, akaingia ndani.

Yolette akaitazama ile spika nyeupe kwa muda. Kumbe kelele si neno. Kumbe alichokuwa hakitaki Whitlock ni kelele zake yeye Yolette.

Akafunga gesi. Akakaa kwenye ndoo yake iliyofudikizwa, mikono magotini, mpaka mafuta yakapoa. Kisha akasimama katikati ya barabara, gari likapiga honi, asilitazame.

"Nereida! Hiyo baraza ina mwenyewe?"

"Ina mimi! Bibi yangu aliniachia, na hati ninayo!"

"Basi sogeza viti. Ninahamia."

Nereida akatoka na taulo begani na mteja wake nyuma, nywele nusu zimenyooka nusu bado. Watu wa dhumna wakamgeukia don Moncho, kwa sababu nafasi pekee ya kuweka karai ilikuwa pale penye meza yake, na kila mtu anajua don Moncho anavyouchukia muziki ule. Yeye ni mtu wa bolero, nyimbo za taratibu za enzi zake. Tangu reggaeton ianze amekuwa akiiita ugonjwa.

Mzee akaweka kete zake chini polepole.

"Mnanitazama nini? Ndiyo, nauchukia. Ni uchafu, na nitauchukia mpaka nizikwe." Akanyoosha kidole kuelekea jengo jeupe. "Lakini kuuchukia ni kazi yangu mimi. Nimeifanya miaka yote kwa jasho langu. Sijamwomba mtu wa Texas aje kunisaidia kuuchukia."

Akaiinua meza upande mmoja, na wenzake wakawahi upande wa pili.

Hapo ikawa kama watu wanahamisha maharusi. Huyu kabeba mtungi wa gesi, yule mwavuli, wawili wameshika karai masikio yake wakitembea kwa hatua za mwizi ili mafuta yasimwagike. Yule mteja wa nusu kichwa alivuka na beseni la unga akilia kwamba blauzi yake ni mpya. Spika Yolette hakumpa mtu. Aliibeba mwenyewe kifuani. Aliiweka juu ya ukuta wa baraza, uso wake ukiangalia barabara, akaiunga kwenye umeme wa saluni, akageuza kitufe mpaka mwisho.

Mdundo ulipotoka, vioo vya Nereida vikatetemeka. Yolette hakungoja mafuta yachemke. Alianza kuimba kabla hata ya mwimbaji, kwa Kikrioli chake, kichwa nyuma, na safari hii hakuwa akimsema shangazi wala kuomba mvua. Sijui alisema nini. Hakuna aliyejua. Lakini alipofika mwisho wa mstari akarudia, na akarudia tena, wanawake wa saluni wakaudaka mstari ule jinsi ulivyo, bila kuelewa neno hata moja, wakamrudishia kwa nguvu. Madirisha yakafunguka. Watu wakaanza kuteremka wakidhani chakula tayari, wakakuta bado, wakabaki kucheza.

Whitlock akatoka, Glorimar akimfuata mbio. Alivuka barabara akiwa amewiva uso, akasema kwa kelele ili asikike.

"Anasema ukihama hivi, ile kona ndiyo basi," Glorimar akatafsiri. "Hutairudia tena. Maji, umeme, yote."

"Mwambie nimeshaiacha."

Baada ya kusema hivyo ndipo alipomkumbuka don Cheo, aliyemkuta hana mbele wala nyuma akampa kona ile kwa moyo mmoja. Lakini hakuangalia kule.

Whitlock akasema tena, sasa kwa upole, kama mtu anayejaribu kweli kuelewa.

"Anauliza ni kwa nini. Kwa muziki usiouelewa?"

Safari hii jibu lilikuwepo. "Mwulize, ule wa kwake pale, wa gitaa, yeye anauelewa?"

Katikati ya wimbo na wimbo Glorimar akatega sikio kuelekea ile spika nyeupe iliyokuwa bado inabembeleza ukuta. Akauma mdomo asicheke.

"Ule... ule ni Kireno, doña Yole."

"Mimi sikuuliza ni lugha gani. Mwulize unasema nini."

Glorimar akamwuliza. Whitlock akageuka kuutazama upenu wake, akainua mabega. Don Moncho akapiga kete mezani kwa furaha ingawa mchezo haukuwa umeanza. Yule bwana akaangalia watu waliojaa barazani, akaiangalia spika, mwishowe akanyoosha kiganja akakishusha chini mara mbili, na kila mtu akaelewa kabla ya kutafsiriwa.

"Anaomba basi upunguze," Glorimar alisema. "Kidogo tu."

Yolette akapangusa mikono kwenye aproni. Mafuta yalikuwa yameanza kuchemka nyuma yake, na nyuma ya mafuta mtaa mzima ulikuwa ukimngoja.

"Mwambie sikuvuka bahari kuja kunong'ona."

Glorimar akalitafsiri kwa sauti ya juu, juu kuliko spika, na alipomaliza hakurudi upande wa jengo. Alipanga foleni.