Vanila Ndani ya Eda

Mama alikuwa katika mwezi wa pili wa eda nilipofunga kibanda changu cha kushona pale Nachingwea nikaenda kumtazama nyumbani, upande wa Nandagala. Nilimkuta chumbani, amekaa juu ya mkeka. Nilipoinama kumshika mkono nikasikia harufu ya keki.

Nikageuka kutafuta sahani. Huku kwetu vanila ni kitu cha kupikia. Tunaijua kwenye keki za harusi na askrimu za mnadani, basi. Nikadhani jirani kaleta chochote cha kumliwaza mjane. Hapakuwa na sahani wala keki. Aliyenukia ni mama.

Nilishtuka mpaka pole niliyotoka nayo Nachingwea ikaniishia mdomoni. Mjane aliye edani hajipaki hata mafuta ya harufu, sembuse marashi. Hilo mtoto wa madrasa analijua. Na mama yangu, tangu nipate akili, hakuwahi kumiliki marashi. Harufu yake ni moshi na sabuni ya mche. Leo mumewe udongo haujakauka juu yake, yeye ananukia kama bibi harusi!

"Mama, umepaka nini?"

"Sijapaka kitu."

Tungekuwa wawili tu ningelimeza. Lakini nyuma yangu alisimama shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye nyumba yake na ya mama zinatazamana. Kumbe alikuwa ananisubiri nije niwe shahidi.

"Umesikia mwenyewe?" akaniambia. "Mimi nikisema, wanasema nimezeeka, pua imekufa." Kisha akamgeukia mama. "Wifi, kaka yangu hata arobaini yake watu hawajaisahau, wewe ushaanza kunukia. Nani huyo?"

Hakungoja jibu.

"Ijumaa nawaita wakubwa wa ukoo. Kama una mtu, utachukua kanga zako urudi kwenu Chinongwe. Nyumba hii ni ya kaka yangu."

Nilitegemea mama alie, aape, amtukane wifi yake kama walivyozoea. Badala yake aliingiza mkono chini ya mto, akatoa shati. Lilikuwa shati la baba la kulalia, limekatika kola. Alipolikunjua, chumba kizima kikawa vanila.

"Nalala nalo," akasema. "Hii harufu ni yake. Alikuwa anajipaka yeye."

Shangazi akapasuka kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, kidogo nimfuate. Baba yangu! Mtu ambaye akikohoa tu uani, sisi watoto tulikuwa tunaacha ugali. Shikamoo yake tuliitoa tukiwa mlangoni, mguu mmoja nje. Wajukuu aliwaita kwa kidole. Mtu huyo ajipake kitu cha keki?

Mama hakucheka. Alieleza polepole, macho chini, kwa aibu ya mtu anayelazimishwa kutoa mambo ya chumbani mbele ya mwanawe. Kila msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, baba alirudi shambani ule unga wa njano umemwingia mpaka kwenye vinyweleo. Aoge asioge, salfa haitoki. Na mama ana kifua, ananusa kidogo tu anakohoa mpaka alfajiri. Msimu mmoja akahamia chumba cha watoto. Siku chache baadaye baba akarudi kutoka Nachingwea na kichupa, akamwambia, "Rudi chumbani." Tangu hapo alijipaka akishaoga, sisi tukishalala.

"Kichupa hiki hapa. Alinunua kwa yule mama anayeuza marashi karibu na stendi."

"Kichupa hakina jina la mtu," shangazi akasema. "Hata huyo bwana wako anaweza kukileta."

Akakitia kwenye pochi yake. Kesho yake asubuhi tukaondoka wawili kwenda Nachingwea. Mama hakuweza kuja, eda haimruhusu. Alibaki ndani, heshima yake ikitangulia stendi ndani ya pochi ya mtu anayemshuku.

Yule muuza marashi namfahamu kwa sura. Ana mdomo, na kila harufu amekwisha kuipangia mtu wake. Shangazi hakumwonyesha kichupa mara moja. Akajifanya mteja.

"Hii vanila ni ya mtu wa namna gani?"

"Vanila, mama yangu? Hiyo ni ya mtu laini. Mtu wa kubembeleza, hasira yake haifiki jioni. Udi ni wa mwenye amri zake. Waridi, hao wana wivu hao! Lakini wa vanila hata ukimkosea, yeye ndiye anakuja kuomba radhi."

Shangazi akanitazama kwa ushindi. Mtu laini! Nami nikaona mama ameshindwa, maana huyo aliyetajwa hakuwa baba yangu hata kwa bahati mbaya. Ndipo shangazi akatoa kichupa.

"Mzee wa salfa!" yule mama akapiga makofi. "Kichupa hicho nilikuwa namjazia yeye tu. Yuko wapi siku hizi? Mkali yule! Mara ya kwanza nikamwambia, baba, hiyo ni ya wanawake, chukua udi. Akanifokea. Anasema udi unamkohoza mke wake. Alizinusa zote hapa mezani, moja moja, na hiyo mikono ya njano. Kisha akaninyooshea mkono nimpake. Akaniuliza, 'Nusa vizuri. Hapa mke wangu atapumua?'"

Nilimzika mtu huyu, nikamlilia, na kumbe sikumjua. Shangazi alimwambia muuza marashi kwa sauti ndogo kwamba mzee amefariki, na yule mama akaanza kulia pale pale, mbele ya wateja.

Tulipofika nyumbani shangazi aliingia moja kwa moja kwa mama, akaketi chini, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele ya wifi yake.

"Wifi, nisamehe. Ulimi hauna mfupa. Ijumaa hakuna kikao."

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Lakini shati hilo nipe nikuwekee mpaka utoke edani. Eda ni eda. Na wengine wakikunusa hawatapanda gari kwenda kuuliza Nachingwea."

Mama alilishika kitambo. Alijua, kama sisi sote, kwamba miezi iliyobaki ni mingi na harufu haingoji mtu. Mwishowe akanipa mimi nimpe shangazi.

Sikumpa. Nililileta usoni. Kulikuwa na vanila, na chini yake, kwa mbali, salfa. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaokaribia kuoa, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kujua baba yangu ananukiaje. Nikavuta pumzi, nikavuta tena, nikashindwa kuacha.

"Polepole, mwanangu," mama akasema. "Utaimaliza."