Fundi Aliyebonyeza Nakubali

Mwenzangu wa kibanda cha pili ni dada mmoja fundi cherehani, na mtaa huu hakuna mwanamke mwenye siri kwake. Mimi nauza vifungo na uzi hapo jirani, ukuta wetu ni wa mbao, kwa hiyo najua ninachosema. Kitambi cha nani kinabanwa, mimba ya nani haijatangazwa, yote anayameza. Mwalimu wa shule ya pale juu alipokatwa titi kwa maradhi, dada zake hawakuambiwa, wala walimu wenzake. Aliambiwa fundi. Akamshonea sidiria yenye pamba upande mmoja, akarekebisha na kurekebisha, mpaka mwalimu akajitazama kwenye kioo akacheka. Nilimsikia.

Kisha macho ya fundi yakaanza kumchezea. Futi anaisoma vibaya, nguo zinarudi. Mteja mmoja akamwonyesha programu ya simu: unampiga mtu picha akiwa na fulana ya ndani, inakutajia kifua, kiuno na nyonga. Na ya bure. Vya bure hivi, jamani, vitatumaliza. Alipoifungua yakatokea maandishi mengi kama siafu, chini yake kitufe cha Nakubali. Angeyasoma kwa macho gani? Akabonyeza, kama nilivyokwisha kubonyeza mimi, na wewe pia usijifanye.

Mwalimu alipokuja kupimwa, alivua sidiria akasimama na fulana. Fundi akamhakikishia kwamba picha haitoki humo kwenye simu. Aliamini hivyo, maskini, maana kwake hakijawahi kutoka kitu.

Haukupita muda, tangazo la programu ile likaanza kuzunguka kwenye simu za watu: inapima kila umbo. Umbo lenyewe ni la mwalimu, sura yake wazi, upande mmoja bapa. Wanafunzi wake waliliona kabla yake.

Fundi akawaandikia wenye programu kuomba waiondoe picha ile. Wakamjibu kwa adabu zote kwamba alikubali picha zitumike, na aliyekubali ni yeye mwenye simu. Akafuta picha, akafuta na programu, na kwenye tangazo mwalimu bado yupo. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilitukana mpaka koo likanikauka, lakini kitufe utakitukana vipi?

Mwalimu akaja asubuhi. Hakugomba, na heri angegomba. Fundi akamwambia, huku analia, kwamba hakujua.

"Najua hukujua," mwalimu akasema. "Lakini mimi nilikuvulia wewe, dada. Wewe peke yako."

Akaweka mfuko juu ya cherehani akaenda zake. Ndani mlikuwa na sidiria zote alizoshonewa, zimefuliwa na kukunjwa. Hakuwa tena na cha kuficha.

Siku hizi fundi anashona mapazia tu. Nakaa hapa na vifungo vyangu, na nyuma ya ule ukuta wa mbao sisikii mtu akicheka.