Lenzi Ndefu ya Baba Mdogo

Kamera yangu ya kwanza ya kubadilisha lenzi ilichaguliwa na mtu ambaye hakuwahi kupiga picha hata moja. Alikuwa baba yangu mdogo, mkulima na mfugaji wa Nkololo, na kwa miaka mingi manju wa ngoma ya upande wetu. Fahali aliyeuzwa mnadani ili kamera inunuliwe alikuwa wake, kwa hiyo sikuwa na la kusema.

Bariadi, kwetu, ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Soko huria tulishalizoea: wanunuzi binafsi wa pamba walikuja kila msimu na malori yao, na vitu vya dijitali vilivyokwisha kutumika ng'ambo vilifika Mwanza kwa makontena. Mimi nilikuwa na chumba karibu na stendi, pazia la bluu na kikamera cha kupigia picha za pasipoti. Nilikuwa nimechoka kuwaambia watu wainue kidevu.

Baba mdogo alikuwa na haja yake. Kwetu, baada ya mavuno, ngoma mbili hushindana katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Hakuna anayetoa maksi. Watazamaji wanatembea wapendavyo, na jua likianza kushuka wazee wanaangalia upande upi una watu wengi zaidi. Huo ndio umeshinda. Mwili wako ndiyo kura yako. Baba mdogo alikuwa ameshinda mara nyingi, na mara zote wapinzani waliukana ushindi wake wakishafika makwao. Sasa magoti yalianza kumsumbua. Alitaka, kabla hajaacha ngoma, apate picha moja inayoonyesha umati umejaa upande wake, ili wale watu wanyamaze.

Dukani Mwanza muuzaji alituwekea mezani bodi moja, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na lenzi mbili. Fedha yetu ilitosha lenzi moja. Ya kwanza ilikuwa fupi, imeandikwa 18–55. Ya pili ndefu na nzito, 70–300. Muuzaji alieleza vizuri, sina lawama naye. Alisema namba ndogo inaona kwa upana, namba kubwa inavuta cha mbali, na zumu, ile pete unayoizungusha, inakutembeza kati ya namba zako mbili tu. Lenzi inayoanzia sabini hairudi kumi na nane hata uizungushe mpaka kesho. Mimi nilielewa nusu. Baba mdogo alizipima mikononi, hii kushoto, hii kulia. Akaivuta ile ndefu mpaka ikatoa shingo, akachungulia kioo chake kama anavyokagua meno ya ng'ombe, maana hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kisha akamuuliza muuzaji kati ya hamsini na tano na mia tatu, ipi kubwa. Tukaondoka na ile ndefu.

Siilaumu hesabu yake. Mnadani hakuna anayeacha fahali akachukua ndama eti ndama anaona kwa upana.

Siku ya ngoma ndipo nilipoanza kujifunza. Nikiwa karibu, lenzi ilinipa kifua na kidevu cha manju, basi. Nikirudi nyuma ili aenee mzima, vichwa vya watu vinaniziba. Nikaamua kuitumia inavyotaka yenyewe: nikamvuta. Nikapata jasho, shanga, vumbi la mguu ulioinuliwa, mdomo wazi anapoanzisha wimbo. Wapinzani walilalamika kwamba lile bomba ni dawa ya mvuto. Wazee wakanisimamisha, wakaligeuzageuza, mmoja akalinusa, wakaniachia. Baba mdogo alishinda siku hiyo, na pale uwanjani hakuna aliyebisha.

Picha nilienda kuzisafisha Mwanza. Mpaka leo naziona nzuri kuliko nyingi nilizopiga baadaye. Nilipompelekea, aliishika ile nzuri kuliko zote, akaitazama, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Watu wako wapi?"

Nilimweleza kwamba lenzi ndefu inachukua kipande cha mbali na kuacha mengine yote nje. Akajibu kwamba picha hiyo ningeweza kumpigia hata nyuma ya zizi, akiwa peke yake na ndama. Alisema kweli, na iliniudhi, kwa sababu niliipenda ile picha.

Msimu uliofuata nilikuwa nimeshapata lenzi fupi kwa kupiga picha za harusi. Baba mdogo alitangaza kwamba huo ndio mwaka wake wa mwisho, kwa hiyo nafasi ilikuwa moja. Niliwahi uwanjani kutafuta pa kusimama. Lenzi fupi inaona kwa upana, ila kwenye uwanda ulio sawa itakupa migongo ya walio mbele yako, usipopanda juu. Kitu kirefu kilichokuwepo ni lori la mnunuzi wa pamba, limeegeshwa pembeni, upande wa wapinzani. Nilimwomba dereva, nikapanda juu ya mzigo.

Kutoka pale kila kitu kiliingia: ngoma zote mbili, vumbi, umati, hata barabara ya Maswa. Nilikaa huko mchana kutwa. Niliona watu wakihama na kurudi, wakihama na kurudi. Wengine walikuja mpaka chini ya lori, wakanipungia mikono ili nao wawemo, nikawapiga. Nilifurahi sana siku ile.

Jioni wazee waliuzunguka uwanja, wakasita kwa sababu pande zilikaribia kulingana, wakauzunguka tena. Wakawapa ushindi wapinzani. Watu walimwambia baba mdogo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Aliitikia, akaenda kukaa chini na kujikanda magoti.

Nilimpelekea picha kubwa. Mama mdogo, mkewe, alileta michembe ya viazi vitamu, naye akaja kutazama. Baba mdogo alijitafuta, akajiona mdogo kama punje ya mtama, akacheka. Safari hii watu walikuwepo. Aliwagusa kwa kidole waliosimama upande wake, mmoja mmoja, akimwambia mkewe huyu ni wa ukoo gani na yule ni wa wapi. Kisha kidole kikavuka uwanja, kikafika chini kabisa kwenye picha, kwa wale wanaocheka na kupunga mikono, wamezipa mgongo ngoma zote mbili.

"Hawa wanamtazama nani?"

Nikasema wananitazama mimi.

Kidole kiliteremka polepole, kikatoka nje ya picha, kikasimama mezani, pale pale lori lilipokuwa.

"Kumbe ulikuwa huku, ng'wanawane." Mwanangu, kwa Kisukuma chetu.

Nilimwambia nilikuwa kazini, kwamba mpiga picha hana upande, kwamba hapakuwa na kitu kingine kirefu. Yote yalikuwa kweli, na kila nililosema lilizidi kuniuma. Alimwagiza mama mdogo msumari.

Picha ile ilikaa karibu na mlango mpaka alipofariki. Wageni walipokuja aliwaonyesha kila kilichomo, na kwamba imepigwa na mwanawe. Wakimuuliza wale wanaocheka pale chini wanatazama nini, alisema wanatazama lori.