Orodha ya Maneno ya Mashini

Mimi ni mutu wa Ankoro, na pale Kalemie sikuwa na ndugu hata mumoja. Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru, muji ungali unaitwa kwa jina la mufalme wa Wabelgiji, na mimi nilikuwa karani katika biro, yaani ofisi, ya gari-moshi. Chumba nilichopanga kilikuwa na kitanda, taa na mimi. Jumapili, biro ikifungwa, niliweza kufika jioni bila kusema neno, nakohoa tu ili nisikie sauti. Upweke ule ulinichosha kuliko kazi.

Mutu wa kuzungumza naye alikuwa mumoja, karani mwenzangu wa meza, aliyekulia Kigoma. Saa sita tulikula sahani moja, bugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, huku tukibishana. Wazungu walikuwa wametuachia mashini ya kutoboa karti, zile karatasi ngumu ambazo kila tundu lina maana yake: behewa gani, mizigo gani, inaenda wapi. Mukubwa wetu alitaka maneno ya mashini hiyo yaandikwe kwa Kiswahili, yabandikwe ukutani, wafanyakazi wapya wajifunze. Kazi akatupa sisi wawili.

Ee, jamani! Mimi naandika “mashini”, yeye anafuta, anaandika “mashine”. Mimi “karti”, kama mapadri walivyonifundisha, yeye “kadi”, kama wanavyosema kwao ng'ambo. Majuma matatu tuko kwenye ukurasa wa kwanza! Kusema kweli, nilikuwa napenda. Nikitoka kazini natembea polepole, natafuta la kumujibu kesho.

Siku moja, mbele ya biro nzima, akaniuliza, akiniita Papa, yaani baba, kama wote pale: “Papa, mapadri walikufundisha kuandika, ao walikufundisha kukaidi?” Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Utani tu ule, na mimi nilikuwa nimekwisha kumutania vibaya zaidi. Lakini siku hiyo uliniingia. Kesho yake nikaja na sahani yangu, nikala peke yangu.

“Papa, njoo, chakula kinapoa,” akaniita.

Nikajifanya kiziwi.

Sasa, pale biro tulikuwa na desturi yetu. Kabla ya kumuhamisha karani, mukubwa alimuuliza kwanza mwenzake wa meza kama anamuhitaji. Mwenzake akisema ndiyo, karani alibaki, na mukubwa alitafuta mwingine. Siku ya nne ya kununa kwangu, mukubwa akaniita. Kule Kabalo, stesheni nyingine ya reli yetu, walitaka karani anayejua mashini.

“Mwenzako huyu, unamuhitaji?”

Jibu nililijua. Nikakumbuka wale watu na kicheko chao, damu ikanipanda kichwani.

“Aende tu,” nikasema.

Akaondoka Alhamisi. Asubuhi alinipa mukono, akauliza kama bado nimekasirika. Nikamuambia nina kazi nyingi. Uongo mutupu! Nilikuwa naandika orodha yetu, maneno yote kama nilivyotaka mimi, na hakuna wa kufuta hata herufi. Nikaimaliza kabla ya saa sita. Nikaibandika ukutani. Nilijiona mupumbavu, halafu nikaona aibu, halafu ikabaki huzuni tupu.

Nilivumilia majuma mawili. Kisha nikaingia kwa mukubwa, nikamuomba amurudishe mwenzangu. Nikamueleza kila kitu: sahani, kicheko, kununa. Hasira njo ilisema siku ile, nikamuambia, si mimi. Lakini vita vilivyozuka baada ya uhuru vilikuwa vimekwisha kukata njia ya Kabalo. Treni haziendi, barua hazifiki.

Mukubwa alinitazama, akavua miwani.

“Papa,” akasema, “Kabalo walikuwa wamekutaka wewe. Nilimuuliza yeye kwanza. Akaniambia anakuhitaji.”